Ratili Apunguza Mzigo

Habari yenyewe ilitoka kwenye redio ya Mama Birika, Jumatatu asubuhi, katikati ya utabiri wa hali ya hewa na matokeo ya mpira. Mtangazaji alisema mbuzi mwitu wamezidi kule milimani, wanatafuna miche yote inayopandwa kwenye vyanzo vya maji, na kwa hiyo ofisi ya wanyamapori itatoa vibali vya kuwawinda kwa mwezi mmoja. Kibali kimoja, beberu mmoja, na hakuna kupanda peke yako. Lazima muwe wawili.

Kijiwe chetu hakihitaji zaidi ya hapo. Benchi liko nje ya saluni yangu, chini ya dirisha, na Mama Birika anauza kahawa yake pembeni ya mlango, hivyo mimi nanyoa huku nasikia kila kitu. Wa kwanza kuidaka habari alikuwa Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na sasa anaendesha maneno tu. Alisema dunia imefika mwisho, mbuzi hafi mpaka aandikiwe barua. Ramani, mwalimu mstaafu wa jiografia, akamfafanulia kwamba hao si mbuzi wa zizini. Ni wajukuu wa mbuzi waliotoroka zamani, wakaota ndevu na kiburi.

"Kumbe walimu," Breki akasema.

Tulicheka wote isipokuwa Ratili. Huyu ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Amepima magunia mpaka macho yake yenyewe yamekuwa mizani. Akikutazama unajisikia umepungua. Asubuhi ile alikuwa amekishika kikombe hakinywi. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa:

"Mimi naenda."

Ikabidi aeleze. Baba mkwe wake ni mwindaji wa siku nyingi, ana bunduki na leseni yake. Kila msimu alikuwa akipanda na mdogo wake, na mdogo wake amefariki mwaka jana. Watoto wake wa kiume wote wako mbali. Mzee ana miaka sabini na mbili na amekwisha kusema hii ndiyo safari yake ya mwisho. Juzi akampigia simu binti yake, akasema, "Mwulize yule bwana wa mizani kama anaweza kutembea."

Hilo la "yule bwana wa mizani" ndilo lililokuwa likimkereketa mwenzetu. Miaka kumi na moja kwenye ndoa, watoto wawili, na mzee hajawahi kumwita vingine. Lilianza siku ya posa. Mzee alimwuliza anafanya kazi gani, yeye akajibu kwa fahari kwamba anapima mizigo ya watu. Mzee akauliza, "Na wako anaupima nani?" Hakupata jibu siku ile, na nadhani alikuwa akilitafuta hadi leo.

"Basi safari hii," Ratili akatuambia, "hatanikuta na mzigo wa kunichekea. Nitapanda mwepesi kama unyoya."

Tangu siku ile kijiwe hakikuzungumza kingine kwa wiki tatu.

Ratili alikuja na mizani ya ndoano kutoka ghalani, ile ya kuning'iniza, akaifunga kwenye fremu ya mlango wangu. Wateja wakawa wanainama kupita. Kila jioni akitoka kazini alileta kitu, anakitundika, anasoma gramu kwa sauti, anaandika kwenye daftari. Hema dogo la mtu mmoja aliloazima kwa rafiki yake mpiga picha: gramu mia tisa. Mfuko wa kulalia: kilo moja na robo. Kijiko chake cha nyumbani kilikuwa kizito mno, akakirudisha, akaleta cha plastiki. Mkewe alipita siku moja kuuliza kama sisi ndio tuliomfundisha kung'oa lebo kwenye fulana zote za mle ndani, maana hata za watoto hazina.

"Shemeji," Ramani akamjibu, "lebo moja si kitu. Lakini haba na haba."

"Haba na haba hujaza kibaba," shemeji akasema. "Nyie mnakitoboa."

Kila mmoja wetu alikuwa na msimamo wake. Breki aliamini kwamba chombo hakitoki bila akiba: tochi mbili, kamba mbili, viberiti vinne, soksi jozi sita. Alimletea turubai lake la lori alilolikata kipande, akasema hema la mia tisa likichanika atalala wapi. Ramani alikuwa upande wa pili. Alisema mzigo wa mpanda mlima usizidi robo ya uzito wake mwenyewe, na kila kitu kiwe na kazi mbili au kibaki nyumbani. Sufuria iwe ndiyo bakuli na ndiyo kikombe. Fimbo ya kutembelea iwe ndiyo nguzo ya hema. Alichukua ramani yake mwenyewe aliyoitunza tangu enzi za ualimu, akakata pembezoni zote nyeupe kwa mkasi wangu, na vipande akavitia mfukoni.

Mama Birika ndiye pekee aliyewahi kuishi kwenye baridi. Alisikiliza wiki nzima huku anamimina, kisha akaweka birika chini, akaenda kuzichambua nguo moja moja mle kwenye begi.

"Mdogo wangu, hizi zote pamba," alisema. "Pamba ikilowa inakuwa mzigo na baridi kwa pamoja. Tafuta sweta la sufu. Sufu hata ikilowa inakumbuka kwamba wewe ni mtu."

Sweta la sufu likapimwa, likawa zito, Ratili akataka kulikataa. Mama Birika akasema asipolichukua asirudi kwake kunywa kahawa. Likaingia.

Wiki ya mwisho mambo yalivuka mipaka. Alikata mpini wa mswaki ukabaki kipande cha kidole. Alihamisha dawa ya meno kwenye kijichupa cha matone ya macho. Kisha akaja kukaa kwenye kiti changu, akaniambia nimnyoe kipara na ndevu zote. Nilipomaliza aliomba nizifagie nywele zile, akazitia kwenye mfuko, akazitundika. Sindano ya mizani haikujisumbua.

Breki alikuwa dirishani akitazama. Alimpa nafasi ya kukata tamaa vizuri, ndipo akasema:

"Ndugu yangu, wiki ya tatu hii unakata mipini. Hicho kitambi, kilo tisa zile, unamwachia nani?"

Ratili alilishika tumbo kana kwamba ndiyo kwanza limeletwa. Lakini hakukasirika. Siku hiyo alienda nyumbani kwa miguu, na zilizofuata pia.

Jumanne jioni begi lilipimwa mara ya mwisho. Kilo kumi na moja na gramu mia mbili, pamoja na chakula cha siku nne. Turubai la Breki lilikuwamo kwa sababu ya urafiki, tochi ya kichwani ya Ramani kwa sababu ya heshima. Alilivaa, akaruka mara mbili mbele ya saluni, akasema hasikii kitu mgongoni. Jumatano alfajiri akaondoka na mkwewe. Watarudi Jumamosi.

Jumamosi hawakurudi.

Jumapili kulikuwa na mawingu upande wa milima tangu asubuhi. Ramani alisema huko juu kunanyesha, akaacha kusema mengine aliyoyajua. Jumatatu shemeji alikuja saluni kabla sijafungua. Simu zote mbili hazipatikani. Aliuliza kama tumesikia lolote, nami nikamwambia hapana, akakaa kwenye benchi pale anapokaaga mumewe, na Mama Birika akampa kahawa ambayo hakuinywa. Ofisi ya wanyamapori ilisema itawapa hadi Jumanne mchana kabla ya kutuma watu. Breki siku hiyo hakufanya mzaha hata mmoja. Alisema tu kwamba angempa turubai zima badala ya kipande.

Jumanne saa nne asubuhi gari la ofisi liliwashusha wote wawili nyumbani kwa Ratili. Jioni alikuja kijiweni mwenyewe, anachechemea, midomo imepasuka kwa baridi, ndevu zimeanza kurudi. Alikaa. Hakuna aliyemwuliza kitu mpaka amalize kikombe cha kwanza. Kisha akatusimulia, nami nawapa kama alivyotupa.

Pale njia inapoanzia, alisema, mzee alilinyanyua begi lake kwa mkono mmoja, akalirudisha chini. Yeye akangoja sifa.

"Na nyama utaibebea wapi?" mzee akauliza.

 Wiki tatu tulipima soksi, tulipima mswaki, tulipima mpaka nywele, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtu akienda kuwinda hurudi na nyama. Begi lile dogo lilikuwa limejaa mpaka kwenye zipu.

Begi la mzee lilikuwa la turubai la zamani, refu kama gunia. Ratili alilikadiria kwa jicho akaona kilo ishirini na tatu. Ndani mlikuwa na blanketi nene la sufu, shoka, kamba, na sufuria ya chuma ya kilo nne. Alijisemea moyoni kwamba mzee hajui mambo ya kisasa. Siku ya kwanza mzee alimwacha nyuma hatua mia mbili tangu asubuhi hadi walipopiga kambi.

Siku ya pili mvua ilianza, na magoti ya mzee yakaanza kumsaliti. Ratili aliona anavyoshuka kwenye mawe, anauma meno, anasimama akijifanya anatazama nyayo za wanyama. Alimwomba ampunguzie mzigo. Mzee akamwambia kila mtu abebe chake. Wakatembea saa nzima hivyo, na Ratili anasema hiyo ndiyo saa iliyomwumiza kuliko zote, kumwona mtu mzima anateseka mbele yako na heshima imekufunga mikono.

Ndipo akasimama, akavua begi, akalirekebisha mikanda, akalivaa, akalivua tena.

"Baba," akasema, "begi hili nimelifanya jepesi mno. Upepo unalichukua, linanivuta upande. Nikikosa kitu cha kulituliza nitaanguka kwenye haya mawe."

Mzee akatazama huku na huku. Upepo wenyewe haukuwapo.

"Unataka kitu cha uzito gani?" akauliza.

"Kama ile sufuria hivi. Na shoka, kwa upande wa pili."

Mzee akafungua begi, akampa sufuria na shoka. Mbele kidogo akampa na kamba. Hawakulitaja tena.

Breki hapo alimkatiza, akasema hajawahi kusikia uongo wa adabu namna ile, na kama angeujua zamani asingegombana na matajiri watatu wa malori. Ramani akamwambia anyamaze.

Beberu walimpata siku ya tatu asubuhi, kwenye ukingo wa miamba, ndevu zake zinatiririka maji. Mzee alilala kifudifudi juu ya jiwe lenye baridi, akangoja mnyama ageuke ubavu, akapiga risasi moja tu. Ratili alidhani mzee atafurahi. Mzee alimwendea mnyama, akamwekea mkono shingoni, akakaa hapo. Baadaye akamwonyesha mkwewe jinsi ya kuitoa nyama kwenye mifupa ili wasibebe mifupa bure. Kazi ile iliwachukua hadi adhuhuri. Zilikuwa kilo kumi na tano, na safari hii Ratili hakuhitaji mizani.

Wakati wa kushuka wakakuta kijito walichokivuka kwa hatua nne kimekuwa mto. Hakuna simu, hakuna njia nyingine. Walirudi juu kwenye jabali lililotokeza kama baraza, wakakaa chini yake siku mbili wakingoja maji yapungue. Hema la mia tisa lilichanika usiku wa kwanza kwa upepo. Mfuko wa kulalia ulilowa ukawa kama mkate kwenye chai. Kilichowafunika wote wawili ni blanketi la mzee, na kilichokuwa kikavu mwilini mwa Ratili ni sweta.

Mama Birika alimimina kikombe kingine bila kuombwa.

Asubuhi ya kushuka, goti la mzee lilikuwa limevimba kama boga. Alitegemea bega la Ratili upande mmoja na fimbo upande wa pili, bunduki yake mgongoni kwa kuwa leseni ni yake. Maana yake vingine vyote vilikuwa vya Ratili, na mgongo ni mmoja. Mzee alitaka waache sufuria na shoka, yeye asimamie blanketi. Nyama hakuitaja, lakini Ratili alikuwa amemsikia juzi yake akisema kwamba ukimwua mnyama ukamwacha, umemwua mara mbili.

Alilikamata lile begi lake la kilo kumi na moja, akalimwaga chini ya jabali. Hema, mfuko wa kulalia, jiko la gesi, godoro la kupuliza, turubai la Breki, hata begi la mzee likiwa tupu, vyote akavipanga vizuri penye pakavu na shoka na kamba juu yake. Akatia nyama, akafunga blanketi juu, kisha akaishika sufuria.

"Hiyo iache," mzee akasema. "Chuma hicho. Kitakuvunja."

"Ya nani, baba?"

Mzee akatazama pembeni. Akasema ilikuwa ya mama wa watoto wake. Marehemu alimpa mwaka walipooana, akamwambia mwanamume akienda porini lazima arudi, maana sufuria ni yake yeye mkewe na anaitaka. Kila msimu amekuwa akiipandisha na kuirudisha, na tangu afe mwenyewe ameendelea tu, hakujua aache vipi.

 Ratili akaifunga sufuria nje ya begi kwa mkanda, akatoa bega, mzee akaliegemea. Ilikuwa ikimgonga kiunoni kila hatua. Walitembea siku nzima na alfajiri iliyofuata, na gari la doria la ofisi likawakuta karibu na mwisho wa njia.

Alipomaliza kusimulia, Breki alikohoa, akatafuta mahali pa kuweka macho.

"Kwa hiyo turubai langu," akasema, "sasa hivi mbuzi ndio wanalilalia."

"Wanalilalia vizuri," Ratili akamjibu. "Waliniambia kwamba ni zito."

Ilikuwa Jumatatu iliyofuata mzee mwenyewe alipokuja. Alikuwa ametoka zahanati, goti limefungwa bendeji, Ratili amemshika mkono kumvusha barabara. Hatukuwahi kumwona. Sote tulisimama, hata Breki, ambaye huwa hasimamii mtu. Mama Birika akamfutia benchi kwa khanga, akampa kahawa. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye macho ya kutazama mbali, na tukamwamkia mmoja mmoja kama watoto wa shule.

Ramani alimwuliza habari za njia na mito, akajibiwa kwa maneno machache. Breki alivumilia kwa muda, halafu ikamshinda. Akasema tumesikia upande mmoja tu wa habari hii, na kesi haiamuliwi hivyo. Je, mzee, huyu mwenzetu alifaa, au mwakani tukutafutie mwingine? Yeye Breki mwenyewe bado ana nguvu, na ana akiba ya kila kitu.

Ratili alikuwa ameinamia kikombe. Masikio yalikuwa yamemsimama.

Mzee alikunywa kahawa yake, hakuwa na haraka.

"Lakini baba," Ratili akasema chini chini, "ulisema hii ndiyo ya mwisho."

"Nilisema nikiwa na goti zima," mzee akasema. Kisha akamgeukia Breki, akamtazama toka juu hadi chini. "Wewe unakoroma?"

Breki akaapa kwamba hajawahi kukoroma tangu azaliwe, wamwulize mkewe.

"Basi hufai," mzee akasema. "Kule juu tangu mdogo wangu aondoke pana kimya kibaya. Na mimi nimeshazoea mkoromo wa mwanangu."

Akarudisha kikombe, akanyoosha mkono. Ratili alichelewa kidogo kuushika, maana alikuwa bado anatafuta kama neno lile limesemwa kweli au amelisikia vibaya. Kisha akainuka, akamshika mzee kiwiko, wakaondoka polepole kuelekea kituoni. Ramani akasema ana karatasi za kusahihisha, ingawa amestaafu miaka minane. Mama Birika akazima redio. Mimi nikaingia ndani, na nilipotazama dirishani Breki alikuwa bado amekaa peke yake kwenye benchi, amefumba macho, amefungua mdomo, anajaribu.